Mwito wa Tatu

"Kula basi, mwanangu. Chakula hakijakukosea."

Sauti aliligeuza tonge vidoleni, akalirudisha sahanini. Tangu wakae mezani alikuwa amemeza mara mbili tu, na mara zote mbili yalikuwa maji.

Nyumba yao ilipakana na stendi ya mabasi, ukuta kwa ukuta. Dirisha likifunguliwa, moshi wa dizeli unaingia bila hodi, na kelele za wapiga debe zinakaa sebuleni kama wageni wasiojua kuaga. Watu wa stendi walimwita Sauti kwa sababu yeye ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha kioo, akitangaza basi lipi linakwenda wapi. Kabla yake kiti kile kilikuwa cha mama yake, na jina vilevile. Mgongo ulipomshinda mama, binti alirithi vyote viwili, na mama akabaki kuwa Mama Sauti. Hata sauti zenyewe zilikuwa moja. Zikipita kwenye vipaza vya stendi, wa kuzitenga labda awe Mungu.

"Mama, leo ndiyo mara ya mwisho," Sauti alisema.

"Najua. Nina masikio. Umelitangaza mwenyewe wiki nzima."

Kweli alilitangaza. Kuanzia kesho basi la mji jirani halitakuwepo. Tangu barabara kuu mpya ifunguliwe, watu walipanda mabasi makubwa yapitayo moja kwa moja, na kile kibasi cha miji miwili, kilichozoea kubeba walimu, wagonjwa na wachuuzi asubuhi na kuwarudisha jioni, kikawa kinakwenda na viti vitupu. Kampuni ikaona hasara. Madereva wakapangiwa njia nyingine, na yule mmoja ambaye Sauti alimjali alipangiwa kituo cha mbali, njia ya kulala safarini, ambako mtu akienda anasahaulika.

"Kakwambia nini huyo Taratibu wako?" mama aliuliza, macho yake yakiwa kwenye mchuzi.

"Kasema niende naye leo. Nifikie kwa dada yake, nilale kwa dada yake. Kesho mjomba wake na huyo dada waje kuzungumza na wewe."

"Tena? Wamekuja mara mbili, nimesema hapana mara mbili. Masikio yao ni ya kuvalia hereni tu?"

"Mama, amekukosea nini?"

"Yeye hajanikosea. Ni kijana mwenye adabu, namwona anavyoingiza basi polepole asimtie mtu vumbi." Mama aliifuta meza iliyokuwa safi. "Kazi yake ndiyo iliyonikosea. Dereva hana kwao, kwao ni barabara. Ana kikombe chake huku, ana kikombe chake kule, na kote anakunywa chai kama mwenye nyumba."

"Si madereva wote ni baba."

Alijua amegusa palipouma. Baba yake Sauti alikuwa dereva wa njia ile ile, wa basi lile lile la mji jirani, na kikombe chake cha upande wa pili kilikuwa na mwanamke na watoto. Habari hiyo Sauti alikua nayo. Alidhani anaijua yote.

Mama alisema kwa sauti ya chini, "Siku alipoondoka nilikuwa pale kibandani. Nimekuambia hilo?"

"Hapana."

"Niliita mara ya kwanza. Nikaita mara ya pili. Sikujua kitu. Nageuza macho, namwona anapandisha sanduku letu juu ya basi, lile la arusi. Ndipo nikajua. Na unajua mwenyewe, basi haliondoki pale bila mwito wa tatu. Abiria wanalalamika, msimamizi ananigongea kioo. Nikaita. Nilimwita mume wangu aondoke, kwa mdomo wangu huu." Aligusa koo lake. "Neno moja tu ndilo lililonishinda. Safari njema. Nimewatakia watu wote wa mji huu safari njema, siku ile likanikwama hapa."

Sauti alitaka kumshika mkono, lakini mama aliuondoa mkono wenyewe mezani, akaanza kukusanya vyombo.

"Pole, mama."

"Sitaki pole. Nataka unielewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Na mimi je? Nibebeshwe mzigo wa baba? Niwaite wenzangu waende, kila siku niwaite waende, mimi nibaki kwenye kile kioo mpaka mgongo unishinde kama wako?"

Sahani iligonga sahani. "Mgongo wangu ndio uliokulisha."

"Najua, mama."

"Ukitaka kwenda, nenda. Mguu ni wako. Lakini usiende ukasema mama yangu kakubali."

Akampa mgongo, akafungua bomba. Sauti alisimama mlangoni akiyasikiliza maji yakianguka, akingoja neno la pili. Halikuja. Aliingia chumbani, akatoka na mkoba mdogo wa nguo, akapita nyuma ya mama yake kwa hatua za mwizi. Hakujua kama anauchukua kwa kuondoka ama kwa kujidanganya tu.

*

Kibanda cha matangazo kilikuwa na milango miwili: wa mbele uliofungukia uwanjani, na wa nyuma uliofungukia kichochoro cha kwao. Ndani kulikuwa na kiti chenye mto alioushona mama, meza, na maiki yenye swichi nyekundu iliyokataa kubonyezwa mara moja. Ukitaka izime lazima uibonyeze, uilaani, uibonyeze tena. Vipaza vilikuwa kila nguzo, na kikubwa kuliko vyote kilifungwa getini, kinywa wazi kuelekea barabarani.

Utaratibu wa miito mitatu ulianza zamani, baada ya basi moja kuondoka na mtoto mchanga aliyelazwa kitini, huku mama yake akiwa ameshuka kununua maji. Ilikuwa kilio mji mzima. Tangu siku hiyo mwito wa kwanza ni wa kukata tiketi, wa pili ni wa kupanda, na wa tatu ni wa kufunga mlango. Dereva asiyesikia wa tatu hagusi gia, hata basi lijae hadi mlangoni.

Na mapenzi ya Sauti na Taratibu, kama tutasema ukweli, yote yaliishi katikati ya miito hiyo. Yeye alilala mji huu, mwenzake alilala mji wa pili. Walionana basi likiingia na walitengana basi likitoka. Penzi lilianza siku umeme ulipokatika, Sauti akalazimika kusimama uwanjani atangaze kwa koo lake. Sauti yake haikufika mbali. Yule dereva mpole akaja kusimama pembeni yake, akawa analirudia kila neno kwa mngurumo mbaya usiofaa hata kufukuzia kuku, na stendi nzima ikavunjika mbavu. Wapiga debe wanamwigiza mpaka leo. Sauti alipomaliza kucheka, alijikuta anamtazama yule mtu kwa namna ambayo mtu hamtazami dereva.

Lakini wakati wa mapenzi yao ulikuwa mdogo, na wakati uliobaki ulikuwa mrefu. Basi likishatoka getini lilipotea nyuma ya maghala ya soko, likazunguka, kisha likaonekana tena mbali kwenye kona ya kituo cha mafuta. Pale kila gari hufunga breki. Taa mbili nyekundu zinawaka, zinazimika, basi limekwenda. Sauti alizoea kuzisubiri taa zile kila jioni, na zikizimika alikuwa peke yake kabisa, katikati ya mamia ya watu. Kupita kona ile kwa basi lile hajawahi. Mama yake hakutaka kusikia.

Leo Taratibu alikuja dirishani mapema. Alikuwa amevaa shati la kampuni lililopigwa pasi upya, kola imesimama.

"Umekula?" aliuliza. Siku zote alianza na hilo.

"Nimekula maneno."

"Mama?"

"Mama ni yule yule."

Aliinamisha kichwa. Alikuwa na macho ya mtu anayetazama mbali kwa kazi, na yakitua karibu hayakujua pa kukaa. Sasa yalitua mikononi mwa Sauti, yakakaa hapo.

"Sikiliza. Mimi si mtu wa kuiba binti wa watu. Dada yangu ametandika chumba cha binti yake, utalala na huyo binti. Wifi yako yule ana maneno, jiandae. Alfajiri mimi naondoka kwenda kuripoti kule, kwa hiyo hata kukaa karibu na wewe sitakaa. Mjomba ndiye atakayekuja kwa mama, na safari hii atakaa mpaka apewe kiti."

"Kwa nini asije hivyo hivyo, mimi nikiwa nyumbani?"

"Kasema amechoka kubisha mlango ambao binti mwenyewe hajasema kitu. Mara mbili amekuja, mara mbili ulikaa ndani kimya. Anasema, pengine huyo mwanamke hakutaki, anajificha nyuma ya mama yake."

Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli. Mara zote mbili alikuwa chumbani, amekumbatia mto, anasikiliza mama yake akikataa kwa niaba yake.

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Mimi?" Taratibu alicheka bila furaha. "Mimi naamini unanipenda mpaka nifike kona ya mafuta. Baada ya hapo naanza kubishana na usukani."

"Nakupenda hata baada ya kona."

"Basi twende."

Nyuma ya Taratibu, watu wawili waliokuwa wakinywa soda waliacha kunywa. Penzi ni kikohozi, na stendi ni mahali pabaya sana pa kukohoa.

"Usinijibu hapa, watu wanatutazama," Taratibu alisema. "Hodi ni tatu. Mjomba kapiga ya kwanza, kapiga ya pili. Ya tatu napiga mimi leo, na isipoitikiwa, mtu mwenye adabu anarudi kwao. Nitakaa kwenye usukani. Mwito wa kwanza na wa pili ni kazi yako, ita. Wa tatu ndio jibu langu. Huwezi kuita ukiwa ndani ya basi. Nikikusikia unaita, nitajua umebaki. Nitaondoka, na sitakuuliza kwa nini, wala sitarudi kukusumbua."

"Na nisipoita?"

"Nitangoja mpaka nikuone mlangoni."

"Abiria watakutukana. Msimamizi atakuandama."

"Leo ndiyo safari ya mwisho. Atanifukuza njia ipi?"

Sauti alicheka, na machozi yakatumia nafasi hiyo hiyo kutoka. Taratibu alipeleka mkono dirishani, akakumbuka watu wa soda, akaurudisha. Aligonga kioo mara moja kwa kidole, akaenda zake. Alitembea kama anavyoendesha.

Kondakta wake, mtu mfupi mwenye maneno kuliko redio, aliyeitwa Kasuku, alipita akining'iniza tiketi. "Shemeji! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Leo ita haraka haraka, nina mke ananingoja, tena kashika mwiko."

"Mlango ukifungwa wewe utajua," Sauti alijibu, akiifuta pua.

Aliwasha maiki.

"Abiria wa basi la mji jirani, huu ni mwito wa kwanza. Asiye na tiketi akate tiketi sasa. Mwito wa kwanza."

Sauti ilitoka nzuri, iliyonyooka, kama ya siku zote. Aliona wachache wakijongea: mwalimu na makaratasi yake, mzee aliyeshika redio iliyofungwa kwa mpira, wanawake wawili wachuuzi wakiaga wenzao kama wanaohama nchi. Basi dogo la rangi ya samawati lilisimama mwisho wa uwanja, na kati yake na kibanda lilikuwepo basi kubwa la masafa, refu, linapakia mizigo. Katika kioo cha mbele cha lile dogo aliona mabega ya Taratibu. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya usukani, na injini ilikuwa imeshawaka.

Alijaribu kujiona amebaki. Jioni kama hii kesho, taa zisizowaka kwenye kona, mama mbele ya sahani, dirisha, bomba la maji. Kisha akajaribu kujiona ameondoka, na alichokiona ni mama yule yule, sahani ile ile, ila kiti cha pili hakuna mtu. Maana kulikuwa na jambo ambalo mama hakulisema mezani na wala hakuwahi kulisema popote. Kila jioni, saa ya basi hili, alivuta kiti chake dirishani akakaa kumsikiliza binti yake hewani. Sauti alilijua hilo kwa kuwa kutoka kibandani alikiona kichwa cha mama pale, kimeegemea nondo.

"Abiria wa basi la mji jirani, huu ni mwito wa pili. Pandeni garini. Mizigo yote ipakiwe, mila..." Neno lilikatika. "Milango itafungwa. Mwito wa pili."

Akaibonyeza ile swichi nyekundu mara mbili mpaka ikazima, akabaki akiikodolea macho. Watu walipanda. Kasuku alipiga ubavu wa basi kwa kiganja, akatazama kibandani, akapiga tena. Mabega ya Taratibu hayakusogea.

Nampenda, Sauti alijiambia, na kwa mara ya kwanza alijiambia kwa sauti, ndani ya kile kioo, kama anayetangaza. "Nampenda. Naenda." Aliinama, akauvuta mkoba chini ya meza, akafungua mlango wa mbele, akatoka.

Uwanja ulikuwa mpana kuliko alivyouzoea. Alipita wapiga debe wawili walioacha sentensi zao katikati. Alifika nyuma ya lile basi kubwa la masafa, bado hatua chache tu alizunguke, amwone Taratibu ana kwa ana, yaishe. Hapo ndipo alipogeuka kutazama kwao.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Halikuwahi kufungwa saa kama ile. Mama kanifungia, aliwaza. Kaamua asinisikie tena. Akasimama pale, nyuma ya basi la watu wasiomhusu, mkoba kifuani, anayatazama mabati ya nyumba yao na kulia bila kujificha. Nitajifuta uso, aliwaza. Nitajifuta uso kwanza, nisimwendee mwenzangu na uso wa msiba.

Vipaza vilikoroma.

"Abiria wa basi la mji jirani, huu ni mwito wa tatu, na wa mwisho. Mlango ufungwe. Dereva, ondoa gari."

Ilikuwa sauti yake. Kwa kitambo alidhani ni yeye, kwamba amepagawa, kwamba mwili uko hapa na koo limebaki kibandani. Kisha akasikia kilichokosekana. Hakuna safari njema. Palipostahili kuwa na maneno yale palikuwa na pumzi tu, iliyokwama.

"Mama!"

Alikimbia. Lile basi kubwa lilichagua dakika hiyo hiyo kurudi nyuma, likamzibia njia, mtu akipiga kelele "njoo, njoo, njoo, kata!" Alilizunguka upande wa pili. Alipotokea, basi la samawati lilikuwa linakaribia geti. Aliita, lakini koo la mtu bila maiki ni koo tu. Taratibu hakutazama kwenye kioo cha pembeni. Na mtu yule aliyepewa jina kwa ajili ya upole wake alipita geti kwa kasi, vumbi likafunika hata namba za nyuma.

"Ajabu leo!" mpiga debe mmoja alidakia. "Mtangazaji kaachwa na basi alilolitangaza mwenyewe!"

Watu walicheka, kisha walipomwona uso wakaacha.

*

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha zamani, mtandio umemwanguka begani, anahema. Alipomwona Sauti akiingia alishtuka kama aliyeona mzimu.

"Wewe! Unafanya nini hapa? Si umepanda?"

"Mama, umefanya nini?"

"Nimesikia mwito wako wa pili. Ulikatika kwenye neno milango. Mimi kiti hiki nakijua, sauti ikikatika hapo mtu analia. Nikafunga dirisha, nikaja mbio na mgongo wangu huu. Nakuta kiti kitupu. Nakuona kule unakwenda na mkoba, unapotea nyuma ya lile basi kubwa. Nikasema haya, mtoto kaenda. Na basi halitaondoka bila mtu wa kuita. Nikakuitia, mwanangu! Nikasema nisimnyime mtoto hata hilo. Nimekuitia basi lako, kwa nini hujapanda?"

Sauti alijiegemeza mlangoni. "Wa tatu ulikuwa jibu, mama. Tulikubaliana. Akiusikia, ajue nimekataa."

"Akiusikia kwa nani?"

"Kwangu. Na sisi sauti yetu ni moja."

Mama alitazama maiki, akatazama mikono yake. Uso wake ukazeeka pale pale.

"Basi nimemwondoa na huyu," alisema polepole. "Wawili, kwa kiti kimoja."

Sauti alitaka kukasirika. Alikuwa na haki, na hasira ilikuwa pale karibu, lakini alipomwona mama yake amejikunja kwenye mto alioushona mwenyewe, alichokiona ni mtu aliyekuwa peke yake miaka yote hiyo na bado amekuja mbio kumfungulia mwenzake mlango. Alipiga magoti. Walishikana mikono, mtu na mama yake, na kwa muda kidogo hakuna aliyejua nani anamliwaza nani.

Mama ndiye aliyeinuka kwanza. "Kaa."

"Mama, limekwenda."

"Liko nyuma ya maghala. Saa hizi mikokoteni imejaa pale, haliwezi kuwa limefika kona. Na kile kipaza cha getini kinafika mpaka kituo cha mafuta, kilifungwa nikiwepo. Kaa, nasema!"

"Mwito wa nne haupo."

"Na miito mitatu ilianza nani akiwa kwenye kiti hiki? Niliiweka mimi na marehemu msimamizi. Leo naweka wa nne. Ita!"

Sauti alikaa. Maiki ilikuwa bado imewashwa, na kumbe maneno yao ya mwisho yalikuwa yamesikika uwanja mzima. Watu walikuwa wamesimama na mizigo yao, wamekigeukia kibanda. Hata wapiga debe walikuwa kimya, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Basi la mji jirani," alianza, na sauti ikatetemeka, akaiacha itetemeke. "Basi la mji jirani. Huu ni mwito wa nne. Abiria mmoja amebaki. Nasema abiria mmoja amebaki. Aliyeita mara ya tatu si mimi. Ni mama yangu, alidhani nimepanda, alikuwa ananiaga. Mimi nilikuwa nakuja. Nilisimama kulia kidogo, lakini nilikuwa nakuja. Taratibu, hodi yako nimeisikia. Karibu. Karibu, karibu, karibu."

Hakuwa na la zaidi. Walitazama kona, yeye na mama, mashavu yakiwa karibu kugusana kwenye kioo.

Basi la samawati lilichomoza nyuma ya maghala, dogo, linakwenda. Lilifika kona ya kituo cha mafuta. Taa mbili nyekundu zikawaka.

Kila gari hufunga breki pale. Sauti alilijua hilo kuliko mtu yeyote, alikuwa amezitazama taa zile zikiwaka na kuzimika jioni zote za maisha yake ya mapenzi. Alizisubiri zizimike. Alishika mkono wa mama yake akazisubiri, na lori la mchanga likapita, na pikipiki ikapita, na taa hazikuzimika.

"Hazijazimika," alinong'ona.

"Naona," mama alisema. "Mgongo ndio uliokufa, macho yapo. Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi. Kuna basi la masafa linangoja kuitwa na mtangazaji ameacha kiti." Alimsukuma begani, kisha akamvuta, akambusu paji la uso, akamsukuma tena. "Mwambie mjomba wake kesho aje na njaa. Sitakuwa na mtu wa kunisaidia kula. Nenda, kabla mwenzako hajadhani ameota!"

Sauti alikimbia. Uwanja ulimpisha, mtu akamwokotea mkoba uliomponyoka, mwingine akapiga vigelegele. Alitoka getini akashika njia ya mguu inayokata nyuma ya soko, na kwa mbali aliona mlango wa basi umefunguka na mtu ameshuka, amesimama katikati ya barabara, akimngoja kwa utulivu wake ule ule.

Juu ya kichwa chake kipaza cha getini kilikwaruza.

"Abiria mmoja wa mji jirani," mama yake alisema. Akanyamaza. Sauti alipunguza mwendo, akasikiliza na mwili mzima. "Abiria mmoja wa mji jirani. Safari njema."

Yalikuwa yametoka. Baada ya hapo ilisikika swichi ikibonyezwa mara moja, na mama, ambaye alikuwa ameshaisahau tabia yake, hakuibonyeza mara ya pili. Hata alipoikaribia kona, mikono ya Taratibu ikiwa imeshanyooshwa kumpokea, Sauti alikuwa bado anamsikia mama yake akipumua peke yake kwenye vipaza vyote vya stendi.